Bomba Juu ya Paa, Moshi Dirishani

Fundi akishalipandisha bomba la jenereta hadi juu ya paa, mwenye jengo huona kazi imekwisha. Moshi unatokea juu, watu wako chini, na angani nafasi haina mwisho. Haipiti muda mpangaji wa ghorofa ya juu analalamika harufu ya dizeli chumbani, na mara nyingine hulalamika hata wa ghorofa ya pili, ambaye kwa akili ya kawaida ndiye aliye mbali na bomba. Bomba linakaguliwa, halivuji. Feni inakaguliwa, nzima. Kumbe moshi ulitoka vizuri kabisa, kisha jengo lenyewe likaurudisha ndani.

Swali la uchafu wa paani utaelekea wapi haliishii kwenye jenereta. Linahusu jiko la mgahawa, maabara ya chuo, tanuri la taka la hospitali na mnara wa kupozea maji wa hoteli. Wahandisi wamelihangaikia kwa miongo mingi, na leo wana fomula, mahandaki ya upepo na programu za kompyuta. Hata hivyo utabiri wao una kasoro ya ajabu: huaminika zaidi kilomita moja kutoka kwenye bomba kuliko mita kumi, ilhali anayevuta moshi huo yuko mita kumi.

Sababu mojawapo ni historia. Hesabu za kusambaa kwa moshi hazikuzaliwa mjini. Zilizaliwa kwenye uwanda mtupu. Huko Porton Down, kituo cha jeshi la Uingereza kilichochunguza gesi za sumu, watafiti walitaka kujua wingu la gesi likifunguliwa hapa litafika pale likiwa na ukali gani. O. G. Sutton alichapisha nadharia yake mwaka 1932. Mwaka 1956 Wamarekani walikwenda kwenye mbuga tambarare karibu na mji wa O'Neill, Nebraska, wakafungulia salfa dioksaidi karibu na ardhi na kuipima kwenye safu za nusu duara, kuanzia mita 50 hadi mita 800. Kisha mwaka 1961 Frank Pasquill akatoa utaratibu mwepesi: tazama kasi ya upepo, jua na mawingu, uipange hali ya hewa katika madaraja sita, A hadi F, na kila daraja litakuambia moshi utatanuka kwa kasi gani. Ukichanganya mambo hayo unapata modeli ya Gauss, ambayo bado ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii. Chukua kiasi cha uchafu kinachotoka kwa sekunde, kigawanye kwa kasi ya upepo, kwa upana wa mkondo wa moshi na kwa kimo chake. Hapo una ukolezi katikati ya mkondo.

Ni fomula nzuri, na ukiwa Nebraska inafanya kazi. Ila tazama inavyogawanya kwa kasi ya upepo. Upepo ukitulia kabisa, kama usiku mwingi wa mjini, mgawanyo unakuwa kwa sifuri na jibu linakosa maana. Na hakuna mahali popote ndani yake palipoandikwa ukuta, kona au dirisha.

Jengo likisimama katika upepo ni kama jiwe katikati ya mto: maji hupanda mbele yake, huachana nalo kwenye ukingo, kisha hujikunja nyuma yake. Hewa inayofika kwenye ukingo wa paa bapa haiwezi kukata kona kali namna ile. Inarushwa juu, inaliacha paa, na chini yake hubaki eneo ambamo hewa inatembea kinyume na upepo, ikirudi ukingoni. Tuliite eneo la mrejeo. Nyuma ya ukuta uliokingwa kuna eneo jingine la namna hiyo, kubwa zaidi, ambamo hewa huzunguka kuanzia paani hadi karibu na ardhi. Moshi ukinaswa katika eneo la kwanza hubaki ukitambaa juu ya paa. Ukinaswa katika la pili hugawiwa madirisha yote ya ukuta ule, ya juu na ya chini. Mpangaji wa ghorofa ya pili hakuwa akisingizia. Upepo ukija kwa mshazari, ukapiga kona badala ya uso, mambo huwa mabaya zaidi: juu ya paa huzaliwa mizunguko miwili mirefu, mmoja kila upande wa kona, inayovuta hewa ya juu na kuibana kwenye paa.

Maeneo hayo yana vipimo, na vipimo vyenyewe si siri. David Wilson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alivichambua miaka ya 1970, na matokeo yake yakaingia katika mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji na viyoyozi chenye makao Marekani. Tuchukue jengo la kawaida la mjini: kimo mita 20, uso unaopigwa na upepo mita 40. Unatafuta wastani wa aina yake kati ya namba hizo mbili, ile ndogo ikipewa uzito maradufu, unapata kama mita 25. Eneo la mrejeo juu ya paa litakuwa na kimo cha asilimia 22 ya namba hiyo, yaani mita 5 na nusu hivi, na litaendelea kutoka ukingoni hadi kama mita 23 kabla hewa haijaligusa paa tena. Eneo la nyuma ya jengo litafika kama mita 25.

Sasa rudi kwenye bomba. Mabomba mengi ninayoyaona juu ya mapaa ya miji yetu yamechomoza mita moja au mbili. Yote yamo ndani ya mita 5 na nusu. Hata kanuni za maabara za Marekani, zinazotaka bomba liwe angalau mita 3 juu ya paa na hewa itoke kwa kasi ya takriban mita 15 kwa sekunde, hazimtoi mtu katika eneo hilo kwa urefu peke yake. Wengi huzichukua mita 3 kama kinga ya jengo zima, wakati zilikusudiwa hasa kumlinda fundi aliyepanda paani. Na ukitaka bomba lisiguswe kabisa na usumbufu wa jengo, kanuni ya viwandani inasema: kimo cha jengo, ongeza mara moja na nusu ya kipimo kidogo kati ya kimo na upana wake. Kwa jengo letu hiyo ni mita 50 kutoka ardhini, yaani dohani ya mita 30 juu ya paa. Hakuna atakayeijenga, na hakuna manispaa itakayoiruhusu. Kwa hiyo kila bomba la paani, kwa maumbile yake, linaishi ndani ya usumbufu wa jengo lake, na modeli ya uwanda mtupu inaliendea vibaya tangu mwanzo.

Kinachoweza kuliokoa ni kasi, na hapo ndipo ninapogombana na kofia. Katika nchi za mvua kubwa kila fundi hulivika bomba kofia ya bati, na nia yake ni njema. Lakini kofia huugeuza moshi uliokuwa unakwenda juu na kuumwaga pembeni na chini. Kwa fomula iliyotumika miaka mingi katika mwongozo wa ASHRAE, moshi hupanda juu ya mdomo wa bomba mara tatu ya kipenyo, zidisha kwa uwiano wa kasi ya moshi na kasi ya upepo. Bomba la kipenyo cha sentimita 40, moshi ukitoka kwa mita 15 kwa sekunde katika upepo wa mita 5, linapata mita 3.6 za bure. Ongeza mita 3 za bomba lenyewe: mita 6.6, umetoka nje ya eneo la mrejeo, ingawa moshi utaendelea kutanuka na sehemu yake ya chini inaweza kurudi. Livike kofia bomba lilelile. Msukumo wa kupanda unahesabiwa sifuri, na juu ya hilo moshi unavutwa chini nyuma ya bomba kwa mita 1.2. Sasa bomba la mita 3 linafanya kazi kama la mita 1.8. Kipande cha bati cha bei ndogo kimekula karibu mita 5 za dohani.

Dawa ya mvua ipo na ni ya zamani. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde, kwa hiyo moshi unaotoka kwa kasi kuliko hiyo haulipi nafasi ya kuingia. Mashine ikizimwa, maji hupokewa na bomba pana lililozunguka lile jembamba, wazi juu, yakateremka kati ya kuta mbili hadi kwenye tundu la kumwagia. Kile kifuniko cha bawaba kinachorukaruka juu ya mabomba ya jenereta ni afadhali kuliko kofia, lakini nacho huulaza moshi upande mmoja, na mara nyingi upande huo unakuwa wa madirisha kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kwa bomba fupi lisilo na kasi, utabiri unarudi kwenye kipimo kimoja ambacho hata mtoto wa shule angekielewa: vuta kamba kutoka mdomo wa bomba hadi mahali hewa inapoingia, ukipita juu ya paa na kuteremka ukutani, halafu pima kamba. Katika hesabu za Wilson uzimuaji wa chini kabisa hukua kwa mraba wa urefu huo. Ukiongeza umbali maradufu, moshi huzimuliwa mara nne zaidi. Mwongozo unaongeza kwamba tundu la hewa lililofichwa ukutani, lisiloonana na bomba, hupata uzimuaji wa angalau maradufu ya lile lililo paani. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Majengo yetu mengi hayana tundu moja la hewa lenye feni na kichujio. Hewa inaingia kwa madirisha, na kiyoyozi kilichotundikwa ukutani kwa kawaida huipoza tu hewa ya chumbani bila kuleta mpya. Kwa hiyo kamba inabidi ivutwe hadi dirisha la karibu zaidi, na dirisha la karibu zaidi mara nyingi ni la jirani.

Kisha kuna upepo, ambao mtu wa pwani hudhani anaujua. Mwenye jengo Dar es Salaam au Mombasa atakuambia kwamba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki karibu nusu ya mwaka na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia kama Desemba hadi Machi, hivyo bomba likiwekwa upande wa magharibi moshi utakwenda zake. Mabaharia waliendesha majahazi kwa elimu hiyo karne nyingi na hawakudanganyika. Lakini jahazi halina haja ya kujua upepo wa saa nane usiku, nyuma ya ghorofa 10, wakati umeme umekatika na jenereta linanguruma. Usiku pwani upepo wa bahari hulegea, na mara nyingine hugeuka ukatoka nchi kavu. Mpangaji haumizwi na wastani wa mwaka. Anaumizwa na saa chache mbaya, na saa hizo hutokea hasa nje ya upepo ule unaojulikana.

Hata kasi yenyewe ina hila. Watu hudhani upepo mkali ni mbaya au kwamba ni mzuri, na wote wamekosea nusu. Upepo dhaifu huuachia moshi wenye kasi na joto nafasi ya kupanda juu sana. Upepo mkali hulaza mkondo chini, lakini pia huuzimua kwa haraka. Kati ya hizo mbili kuna kasi moja, tofauti kwa kila bomba, ambayo ndani yake ukolezi dirishani hufikia kilele. Mhandisi makini hutafuta kasi hiyo badala ya kuchagua upepo wa kawaida wa mji. Kwa bomba lenye kofia hali ni tofauti: halina msukumo wa kupoteza, kwa hiyo kadiri upepo unavyopungua ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya, hadi joto la moshi lenyewe lianze kuuinua.

Namba za upepo nazo hutoka uwanja wa ndege, zikipimwa mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi. Mjini hewa imeshasuguana na mapaa maelfu. Kwa marekebisho ya kawaida ya mwongozo, upepo wa mita 4 kwa sekunde uwanjani huwa kama mita 2.6 kwenye paa la mita 30 katikati ya jiji. Ripoti inayochukua namba ya uwanja wa ndege bila kuigusa imeshakosea kwa zaidi ya theluthi kabla haijafika kwenye moshi.

Yote haya bado ni jengo moja peke yake, na majengo hayaishi peke yake. Ted Stathopoulos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montréal, walifungulia salfa heksafloraidi, gesi ambayo vifaa huinasa hata ikiwa kidogo mno, kutoka kwenye paa la jengo fupi lililo karibu na jengo refu, kisha wakaifuatilia. Jengo refu likiwa upande unakotoka upepo, gesi ilikwenda kinyume: ilivutwa kurudi kwenye ukuta wa lile refu, kwa sababu jengo fupi lote lilikuwa limezama katika eneo la mrejeo la jirani yake. Fomula za mwongozo zilizoandikwa kwa jengo pweke haziwezi kuliona hilo. Programu zinazotumika rasmi hazijatulia hapa pia. AERMOD, iliyoidhinishwa rasmi Marekani mwaka 2005, ina sehemu yake ya kushughulikia majengo, na ADMS ya Waingereza inayo yake, lakini zote hulirahisisha kundi la majengo kuwa boksi moja. Kwa kiwanda kilicho nje ya mji hilo linavumilika. Kwa ua kati ya maghorofa manne halivumiliki.

Mahali fomula zinaposhindwa, chombo ninachokiamini zaidi ni handaki la upepo. Mtaa mzima huchongwa kwa kipimo cha kati ya 1 kwa 200 na 1 kwa 500, hupuliziwa upepo wenye msukosuko unaofanana na wa mjini, na gesi hutolewa kwenye vibomba vidogo. Watu huuliza vipi jengo la sentimita 10 liwe na tabia ya jengo la mita 30. Jibu liko kwenye kona: majengo yana kingo kali, na hewa huachana na ukingo mkali palepale, jengo liwe kubwa au dogo, ilimradi kasi isiwe ya chini mno. Jengo la mviringo lisingekuwa na urahisi huo. Handaki lina gharama, na si rahisi kulipata karibu, lakini linaonyesha jengo la jirani bila mtu kulazimika kulikumbuka.

Kompyuta ndiyo inayouzwa zaidi siku hizi, pamoja na picha zake za rangi. Nina wasiwasi nazo. Modeli ya kawaida na ya bei nafuu ya msukosuko, ile ya k-epsilon, hutia msukosuko mwingi kupita kiasi pale upepo unapogonga ukuta, na matokeo yake lile eneo la mrejeo juu ya paa, moyo wa suala zima, hupungua au hutoweka kwenye skrini. Zaidi ya hapo kuna namba moja, ya Schmidt, inayoamua moshi usambae haraka kiasi gani kulinganisha na hewa. Watafiti wameitumia kuanzia 0.2 hadi 1.3. Anayeweza kuchagua ndani ya pengo hilo anaweza kupata jibu analolitaka. Modeli nzito zaidi, zinazofuata mizunguko mikubwa ya hewa sekunde kwa sekunde, hufanya vizuri, na bei yake ni siku nyingi za mashine kubwa. Ukiletewa picha ya rangi, uliza imelinganishwa na kipimo gani.

Suala la sekunde linastahili neno. Modeli nyingi hutoa wastani wa saa moja au wa dakika 10. Pua haina wastani. Mkondo wa moshi hupepesuka, hivyo dirisha linaweza kupata hewa safi dakika tatu na moshi mkali kwa sekunde kumi. Wastani utasema hali ni nzuri na mpangaji atasema hapana, na wote wawili watakuwa wakweli. Kwa moshi wa dizeli wahandisi hulenga kuuzimua mara elfu kadhaa ndipo harufu ikome kuwa kero. Ni lengo kali, na bomba fupi lenye kofia karibu na dirisha halilifikii.

Kuna uchafu ambao hata kuzimuliwa hakuutoshi. Bakteria wa Legionella hukua katika maji ya minara ya kupozea na kutoka na matone madogo. Katika mlipuko wa Pas-de-Calais, Ufaransa, mwaka 2003 hadi 2004, watu 86 waliugua na 18 wakafariki, baadhi yao wakiishi zaidi ya kilomita 6 kutoka kiwanda kilichokuwa chanzo. Mwaka 2003 pia, SARS iliwapata watu zaidi ya 300 katika nyumba za Amoy Gardens, Hong Kong. Watafiti walioufuatilia mlipuko huo kwa hesabu za mwendo wa hewa, na kuchapisha matokeo mwaka 2004, walieleza hewa yenye joto na unyevu kutoka bafuni ikivutwa na feni hadi kwenye uwazi mwembamba kati ya vyumba, ikapanda hadi kwenye madirisha ya ghorofa za juu, kisha upepo ukaipeleka kwenye majengo ya jirani. Bomba la moshi halikuwepo kabisa. Feni ya bafuni na ukuta wa pili vilitosha.

Kwa miji yetu, hesabu ya kwanza ingeweza kufanywa mezani kwa nusu siku: kimo cha eneo la mrejeo, kamba hadi dirisha la karibu, kasi mdomoni mwa bomba, kofia iondolewe, namba za uwanja wa ndege zirekebishwe. Hilo peke yake lingeyakamata mabomba mabaya mengi, na pasipo jirani mrefu, likikosea kwa kawaida hukosea upande wa tahadhari. Handaki na kompyuta zingebaki kwa hospitali, maabara na nyua zilizobanana. Kinachoikwamisha hesabu hiyo ni ramani inayobadilika. Kariakoo, Dar es Salaam, nyumba za ghorofa moja zimekuwa zikibomolewa na kusimamishwa majengo ya ghorofa 10 na zaidi, kiwanja kwa kiwanja. Bomba lililopimwa vizuri leo, likiwa juu ya mapaa yote ya mtaa, kesho linajikuta chini ya madirisha ya jirani mpya, ndani ya eneo lake la mrejeo. Mwenye bomba hajabadilisha kitu, na mjenzi wa jengo jipya hakutakiwa kuuliza madirisha yake yatafunguka kwenye mdomo wa dohani ya nani.